Weka Karatasi Chini

Gudele, Juba
Jumapili, 3 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Athieng,

Kabla hujaendelea, nakuomba sana: haya yote yabaki kati yetu wawili. Usimsomee mtu, usiyapige picha, usiyataje kwenye simu hata kwa utani. Ukimaliza, itie barua hii jikoni iungue. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu niliyo nayo ni ya kampuni, na kila Ijumaa tunaiweka mezani ikaguliwe. Nimemkabidhi Job, yule dereva wa lori la unga, nikamwambia ni dawa yako ya kifua.

Hujambo lakini? Nyumba nzima? Sisi tupo. Joto la mwezi huu limefanya hata ndani ya chandarua kusilalike. Baba anakusalimu kutoka Bor. Goti bado linamsumbua, na hataki kusikia habari za hospitali. Kaka Kur naye anauliza kama ni kweli siku hizi unafuga sungura, maana hapa hakuna anayeamini.

Sasa lililonifanya niandike. Nimeliona zoezi la tatu la kozi yako ya uandishi. Mawili ya kwanza tulikutumia karatasi, ukazisahihisha kwa ile kalamu yako nyekundu, nami nikafurahi hata uliponikemea. Hili la tatu unataka video. Mwanafunzi ajirekodi uso wazi, asome ukurasa wake, kisha aweke karatasi chini aseme yaleyale bila kusoma. Shangazi, mimi siwezi.

Ukurasa ninao, na huo ndio unaonitia hofu. Unajua mimi ni karani kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Juba Na Bari. Ng'ambo ya lango letu kuna mama anauza chai ya tangawizi, anaitwa Nyaboth. Bwana Gaetano, mwenye ghala, alimtaka ahame kwa sababu malori yanakata kona pale. Mama akamjibu, "Mimi iko hapa tangu hii gate haiko." Gaetano akalipiga teke jiko. Birika likamwagika, maji ya moto yakampitia mama mguu wote wa kushoto. Ofisi nzima tuliona. Jioni Gaetano alituita akasema, "Malesh, poleni, ajali ni ajali. Nyote mmeona alijikwaa." Ukimya wetu ameuhesabu kuwa ndiyo.

Hayo ndiyo niliyoandika. Karatasi naweza kuichana. Uso wangu ukishaingia kwenye simu ya mtu, nitauchana vipi? Niruhusu nikutumie maandishi tu, kama zamani.

Ukijibu, mpe Job mkononi. Asimwachie mtu langoni.

Binti yako,
Anyieth

*

Kitale
Jumatano, 27 Machi 2024

Binti yangu Anyieth, mama yangu,

Nakuita mama kwa haki, maana umelibeba jina la aliyenizaa, na yeye hakuwahi kuniomba ruhusa ya kunyamaza. Usishangae mwandiko. Vidole vyangu vina baridi yabisi, kwa hiyo nasema na Penina wa maktaba ananiandikia. Penina ni kaburi.

(Mimi ndiye kaburi, na naona fahari. Penina.)

Sisi ni wazima. Mvua imeanza na kila mtu anapanda mahindi hadi ukingoni mwa barabara. Sungura ni kweli. Walikuwa wawili nilipowanunua. Sasa sijui ni wangapi na sitaki kujua. Mwambie kaka yangu Ngor kwamba goti si ng'ombe, halitarudi zizini lenyewe. Aende hospitali.

Kuhusu zoezi, jibu langu ni hapana.

Nikueleze kwa nini nilibadilisha. Kuanzia mwaka jana karatasi zenu zilianza kufanana. Yafesi yuko Arua, mwingine yuko Kakuma, hawajaonana maisha yao, lakini walinitumia aya ambazo ungedhani zimezaliwa tumbo moja. Zote safi, zote zimepigwa pasi, na ndani hamna mtu. Wanaagiza simu iwaandikie, kisha wanaweka jina. Nikasema basi, nitamtaka mtu mwenyewe. Asome kwa mdomo wake. Aliyeandika kweli hujulikana pale anapokwama na pale anapokimbia. Na akiiweka karatasi chini, linalobaki kichwani ndilo alilokuwa nalo la kusema. Mengine yalikuwa mapambo.

Unasema unaogopa. Sijakuambia usiogope. Soma ukiogopa. Nilifundisha kidato cha nne miaka mingi darasa la bati, mvua ikinyesha, na hakuna mtoto aliyewahi kuniambia sauti yangu haikufika. Huyo Gaetano ana lango na malori. Wewe una ukurasa ambao si uongo. Sioni kwa nini wewe ndiye unayetetemeka.

Kozi hii haipokei karatasi tena, hata ya mtoto wa kaka yangu. Hasa ya mtoto wa kaka yangu.

Shangazi yako,
Athieng

*

Gudele
Jumapili, 21 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Mvua imefika huku pia, na barabara ya kuja kwetu imekuwa tope tupu. Mabasi madogo yanatushusha mbali, tunatembea viatu mkononi. Kur amepata mchumba. Ukoo wa binti unataka ng'ombe kama unaozesha malkia, na baba amesahau goti kabisa.

Sikupenda kwamba Penina amejua. Naomba unisamehe kwa kusema hivyo, naye anisamehe akiwa anayaandika majibu. Lakini hii video nakuomba uitazame peke yako, mlango umefungwa.

Ndiyo, ninakutumia. Kadi ndogo yenye video iko ndani ya karatasi ya biskuti, nimeikunja katikati ya barua. Nilirekodi kwa simu ya Cheryl, yule Mkenya wa benki ninayeishi naye. Tulifunga dirisha. Nikasoma mara moja, nikakohoa, tukarudia. Cheryl alikuwa ameshika simu huku anacheka: "Wewe Anyieth, hivi ndivyo shangazi yako anataka? Kweli? Mimi nafuata tu maagizo yako, usiniingize kesi." Nikamwambia anyamaze. Ile sehemu ya kuweka karatasi chini sikuifanya. Nilipojaribu nilijikuta nimesimama na mdomo wazi.

Utaona mwenyewe nilivyofanya. Usinikaripie sana.

Habari nyingine ni kwamba Mama Nyaboth amefungua kesi kwenye mahakama ya chifu. Kidonda kimefunga, ila anatembea akivuta mguu, na amerudi palepale na birika la kuazima. Chifu ameuliza kama kuna shahidi. Juzi Gaetano alipita meza kwa meza na kusema kwa upole sana, "Anayetaka kwenda kwa chifu, aende. Asisahau kubeba vitu vyake." Alipofika kwangu aliongeza, "Na wewe, binti uliyelelewa Kenya, haya mambo hayakuhusu. Hata mama mwenyewe si wa kabila lenu." Nikamjibu, "Ndiyo, bwana." Mkono wangu uliendelea kuandika hati ya saruji kama si wangu.

Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi.

Anyieth

*

Kitale
Jumapili, 19 Mei 2024

Mama yangu,

Job alichelewa, alikaa mpakani kwa sababu ya karatasi za mzigo. Kadi imefika salama. Nilifunga mlango kama ulivyoomba, Penina nikamtoa nje akaenda kuwalisha sungura kwa hasira.

(Kweli nilikasirika. P.)

Nimekutazama mara tatu. Umekonda mashavu, kula. Lakini uso umetulia, na macho hayakupepesa. Nilijivunia. Nilijiambia, huyu ndiye mtoto wa Ngor.

Sasa sahihisho. Mwanzo unakimbia, kama mtu anayevuka barabara. Pumzi ya kwanza ya kweli unaivuta unapofika kwa birika. Anzia hapo, yote ya kabla yake futa. Pili, unasema "mtu mmoja alilipiga teke jiko." Sauti ikashuka hapo hadi nikasikia mvua kwenye bati lenu na jenereta la jirani. Mtu mmoja ana jina, na mguu uliopiga una mwenyewe. Tatu, uliposema maneno ya mama, "Mimi iko hapa," uliyasema kama alivyoyasema yeye, bila kumrekebisha. Vizuri sana. Usikubali mtu akuambie uyanyooshe.

Sehemu ya pili bado nakudai. Weka karatasi chini.

Na kuhusu chifu sitakuambia uende wala usiende. Kazi ni yako na mji ni wako. Ila nisikie vizuri: mimi sijafundisha watu waandike vizuri ili wayafungie maandishi ndani ya biskuti.

Mwambie Kur asikubali kuogopeshwa na wakwe. Wanaanza juu ili washuke.

Shangazi yako

*

Gudele
Jumapili, 9 Juni 2024

Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Kur na baba wamerudi kwa wakwe na hesabu imeshuka kidogo. Wote wazima.

Naandika haraka maana Job anaondoka kesho asubuhi.

Barua yako niliisoma, kisha nikamsomea Cheryl. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. "Macho hayakupepesa?" akasema. "Macho gani?"

Shangazi, kwenye video ile hakuna uso. Nilimwambia Cheryl aelekeze simu ukutani. Ulikuwa ukuta wa chumba chetu tangu mwanzo hadi mwisho, na kalenda ya kanisa, na gauni la Cheryl likining'inia kwenye msumari. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Nilijua utagundua mara moja na utafoka, ndiyo maana niliomba usinikaripie. Nilitaka unifokee. Badala yake umeniambia nimekonda mashavu.

Nimeirudia barua yako. Kila ulichokisahihisha kinasikika. Pumzi, sauti kushuka, bati, jenereta. Tangu mwaka jana sijaona kalamu yako nyekundu. Vidole vina baridi yabisi, sawa. Lakini hata Job anasema siku hizi ukimpokea unamwambia aanze kusema jina lake, na yeye alidhani ni mzaha wako.

Unaona nini, Shangazi? Niambie ukweli. Tangu lini?

Na ngoja niseme hili, hata kama ni utovu wa adabu. Mimi nimekemewa kwa kujificha. Nimeambiwa nina ukurasa ambao si uongo. Na wewe umekaa kwenye giza lako unatuamuru sisi tuonyeshe nyuso. Yafesi anachana nywele zake kabla ya kurekodi! Ameniambia mwenyewe. Anamchania nani?

Nimekasirika. Nimelia pia, lakini hasira ndiyo ninayokutumia.

Chifu amepanga kesi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama Nyaboth hajaniomba chochote. Leo alinipa chai, nilipotaka kulipa akasema, "Acha. Wewe iko na sura ya mtu mgonjwa." Sijaamua.

Jibu kabla ya siku hiyo. Mpe Job.

Anyieth

*

Kitale
20 Juni

Anyieth,

Hii naandika kwa mkono wangu. Nimeweka rula chini ya kila mstari, lakini najua mistari imepandana, au nadhani najua. Penina nimemwambia asiiguse.

Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, kama mtu anayefunga mapazia polepole, mwaka juzi. Sasa imefika na katikati. Naona dirisha. Naona mtu amesimama, sioni ni nani. Karatasi zenu za mwisho nilizosahihisha nilizisoma kwa kioo cha kukuzia, neno kwa neno, na kichwa kikauma siku mbili.

Zile aya zilizofanana ni kweli. Penina alinisomea, sikuzizua. Lakini zilinifaa. Zilinipa sababu ya kuwaomba video bila kusema ninachotaka ni sauti. Na nilisema uso kwa sababu mwalimu anayesema "nitumieni sauti tu" ataulizwa swali la pili.

Wanaoigharimia kozi hii walishaanza kuniambia kwa upole kwamba labda nimechoka. Ule upole ninaujua. Wangesikia la macho, wangenipa keki na cheti na kuniaga. Nani angemsikiliza Yafesi hadi aache kukimbia? Sikuacha kazi. Nilibadilisha zoezi. Na ukitaka ukweli, nyinyi mmeandika vizuri zaidi tangu niache kuwasoma nikaanza kuwasikiliza. Hilo silitubu.

Lakini mashavu yako nilidanganya, na nikadanganya vibaya. Uliniomba nimtoe Penina nje. Angekuwepo angeniambia, "Mwalimu, ni ukuta." Nimecheka peke yangu kwa hilo. Kisha sikucheka.

Leo asubuhi nimewatumia wanafunzi wote ujumbe wa sauti. Nimesema: mwalimu wenu haoni, anasikia, na hastaafu, asiyependa aondoke, na karo ya kuondoka ni ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini, usomwe kwa sauti. Walioshika mfuko nao wamepata ujumbe huohuo. Wanifukuze wakitaka. Sitawasaidia kwa kuondoka mwenyewe.

Sina haki ya kukuambia chochote kuhusu Jumamosi. Kwa hiyo sikuambii.

A.

*

Gudele
Jumapili, 7 Julai 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu zangu ziwe kubwa kuliko siku zote. Kur anaoa Desemba, wakwe wamekubali. Baba anasema utakuja, hata ikibidi Job akuweke juu ya unga.

Barua yako ilifika Jumatatu, kesi ikiwa imeshasikilizwa. Lori lilikwama tena mpakani. Kwa hiyo nataka ujue: nilikwenda bila jibu lako. Nilikwenda nikiwa bado nimekukasirikia.

Mahakama hukaa kwenye banda la mabati, na watu walijaa hadi nje. Gaetano alikuja na msemaji wake, kijana wa suti. Nilikuwa nimeshika ukurasa wangu kwa mikono miwili. Karani wa chifu akauliza kama kuna shahidi wa mama. Nikasimama.

Yule wa suti akacheka. "Haya, msomi. Soma basi tusikie Kiswahili cha Nairobi."

Nikaangalia karatasi, na herufi zote zikawa zimeyeyuka. Nikaiweka chini, juu ya benchi. Si ushujaa. Ilikuwa haisomeki.

Nikaanzia kwa birika, kama ulivyoniambia. Nilisema maji yalikuwa yanachemka, kwa sababu niliuona mvuke kupitia kioo cha dirisha langu. Nikasema, "Gaetano alilipiga teke jiko kwa mguu wa kulia." Sauti haikushuka.

Gaetano akasema kwa nguvu, "Huyu kalelewa Kenya, anajua nini cha hapa? Na kwa nini anamsemea mtu asiye wa kwao?"

Nikamjibu kwa Kiarabu chetu cha Juba, ili asiseme hakunielewa, kwamba dirisha langu halikuniuliza nimelelewa wapi; lilinionyesha tu. Watu wakacheka, na mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Kalas! Yatosha! Mwache aseme!" Chifu akamwambia Gaetano akae. Akaniuliza maneno aliyoyasema mama siku ile. Nikayasema kama alivyoyasema: "Mimi iko hapa tangu hii gate haiko." Sikuyanyoosha.

Nilipokaa, mwenzangu wa ofisini Nhial, anayekaa meza ya mlangoni na ambaye hajawahi kusema zaidi ya habari za asubuhi, alisimama nyuma. Akasema, "Na mimi nilikuwepo." Kisha akakaa upesi kana kwamba benchi lilimvuta.

Hukumu bado. Chifu ametaka mashahidi wengine nao wasikilizwe kwanza. Labda Gaetano atashinda, ana watu. Lakini hatasema tena kwamba sote tuliona amejikwaa.

Kazi imekwisha, kama alivyoahidi. Jumatatu mlinzi alinikabidhi mfuko wangu langoni, na simu yao nikairudisha. Cheryl amesema kodi yake na yangu tutaijua. "Si ulitaka kuwa mwandishi?" akaniambia. "Basi andika, lakini vyombo utaosha."

Ndani ya barua hii kuna kadi nyingine. Ni sehemu ya pili ya zoezi lako. Nilikaa nje mchana, mbele ya birika la Mama Nyaboth, malori yakipita, na Cheryl alielekeza simu usoni mwangu. Karatasi sikuwa nayo. Nimesema yote. Najua hutauona uso. Nimeuonyesha hata hivyo, na nimechana nywele. Mwite Penina atazame akuambie, na asikudanganye kuhusu mashavu.

Ile barua yangu ya kwanza, kama hujaichoma, usiichome. Ipe hewa. Mpe yeyote anayetaka kusikia.

Na ukitaka kunipata, usimnong'oneze tena Job. Andika juu ya bahasha kwa herufi kubwa, hata zikipandana: ANYIETH NGOR, KWA MAMA NYABOTH WA CHAI, NG'AMBO YA LANGO LA GHALA LA GAETANO, JUBA NA BARI. Andika na jina la Gaetano, ndilo linalojulikana zaidi. Laini yangu mpya ni yangu mwenyewe, namba nimempa Job. Piga saa yoyote, tuma sauti. Na mtu yeyote wa kozi akipita Juba, aje palepale aulize kwa sauti. Nikiwa nimetoka, mama atamjibu kwa niaba yangu. Atasema, "Iko hapa."

Binti yako,
Anyieth Ngor